Waliushikaje Mkate Ule?



Leo naomba mnifuate hadi Karthago, mji wa kale wa Afrika ya Kaskazini ambao magofu yake yako kando ya jiji la Tunis. Mwaka ni kama 200 hivi. Mfikirieni mama mmoja Mkristo aliyeolewa na mume asiye Mkristo. Anaamka mapema, kabla nyumba haijachangamka, na kabla hajatia kitu kingine chochote kinywani anachukua kipande cha mkate alichokuja nacho kutoka kwenye kusanyiko la waamini, anakila kwa siri, kisha anaendelea na kazi zake. Mama huyu hana jina. Habari za watu wa namna yake tunazipata kwa Tertuliani, mwandishi mwenyeji wa mji huo, aliyemtungia mkewe kitabu kidogo cha kumwasa kwamba yeye akitangulia kufa, mkewe asije akaolewa na mpagani. Miongoni mwa matatizo anayoyataja ni hilo: mume atataka kujua unaonja nini kila siku kabla ya kula. Na akishajua kuwa ni mkate, atadhani ndio ule mkate unaosemwa mitaani.

Hayo yaliyosemwa mitaani nitayafikia. Kwanza niwaambie kwa nini nimeanza na mama huyu, nikawaacha maaskofu na mitaguso yao.

Ubishi juu ya Ekaristi sisi hapa tunaujua vizuri. Mkatoliki atakwambia kwamba baada ya mageuzo mkate si mkate tena. Mlutheri atakwambia Kristo yumo kweli, na mkate nao upo. Mlokole atakwambia ni ukumbusho, basi. Na siku hizi kila mmoja ana Baba wa Kanisa wake mfukoni. Huyu anamchomoa Ignasi, yule anamchomoa Tertuliani, mwingine anakuja na Augustino, sentensi moja moja, na kila mtu anaondoka ameshinda. Mchezo huo mimi siupendi. Sentensi iliyong'olewa mahali pake unaweza kuisemesha lolote unalotaka. Lakini namna mtu anavyoushika mkate, anavyouhifadhi, anavyoshtuka ukidondoka, anayempelekea na anayemnyima, hayo ni magumu kuyasemesha uongo. Tena kumbukeni kwamba kwa karibu miaka mia nane hakuna Mkristo tunayemjua aliyekaa chini akaandika kitabu kizima cha kueleza Kristo yumo vipi ndani ya mkate. Walikuwa na shughuli nyingine na mkate huo, na shughuli hizo ndizo ninazotaka tuzitazame.

Tuanzie Korintho. Paulo aliwaandikia Wakorintho waraka wa kwanza akiwa Efeso, yapata mwaka 54, na ndani yake mna simulizi kongwe kuliko yote tuliyo nayo kuhusu usiku ule Yesu alipomega mkate. Injili zilikuwa bado hazijaandikwa. Lakini angalieni kilichomfanya Paulo ailete habari hiyo. Alikuwa amekasirika. Waamini walikutana kula katika nyumba ya mwenzao mwenye uwezo, na chumba cha kulia cha nyumba ya namna hiyo, kwa desturi ya Kirumi, kilikuwa na vitanda vitatu vya kujilaza: watu tisa, nafasi imekwisha. Yaelekea waliobaki walikaa uani. Wenye vyao walitangulia kula, wengine wakanywa hadi wakalewa, na wasio na kitu wakabaki na njaa, katika mkutano huohuo, jioni hiyohiyo. Paulo akawaambia wazi kwamba hicho wanachokula si chakula cha Bwana. Akawaonya kwamba anayekula bila kuupambanua mwili anajilia hukumu yake mwenyewe, na kwamba wagonjwa walio wengi kwao, na hata vifo, vimetokana na hilo.

Mwili upi, sasa? Wafafanuzi wamebishana mpaka leo. Wapo wanaosema ni mwili wa Bwana ulio katika mkate. Wapo wanaosema ni mwili wa Bwana ulio kusanyiko lenyewe, pamoja na yule maskini aliyekaa uani tumbo likimnguruma. Sura moja tu kabla ya hapo Paulo alikuwa ameyasema yote mawili kwa pumzi moja: kwamba mkate unaomegwa ni kushiriki mwili wa Kristo, na kwamba wanaoula mkate huo mmoja, ingawa ni wengi, ni mwili mmoja. Naona angetushangaa tunavyomshika shati achague.

Kuna andiko jingine la zamani ambalo halimfurahishi sana mtu yeyote katika ubishi wetu. Mwaka 1873 Filotheo Bryennios, mwanachuoni wa Kanisa la Kiorthodoksi, alikuta huko Konstantinopoli kitabu kilichonakiliwa kwa mkono mwaka 1056, na ndani yake mlikuwa na Didake, yaani Mafundisho ya Mitume. Ni mwongozo mfupi wa maisha ya Kanisa, na wengi huuweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. Aliuchapisha mwaka 1883. Sala za Ekaristi zilizomo ni za kushangaza. Kikombe kinatangulia na mkate unafuata. Karamu ya mwisho haitajwi, msalaba hautajwi, wala hakuna neno juu ya mwili na damu. Wanashukuru kwa ajili ya mzabibu wa Daudi, wanashukuru kwa uzima na maarifa, wanaomba Kanisa likusanywe kutoka pande zote za dunia jinsi mkate ule ulivyokusanywa kutoka vilimani ulikotawanyika. Mlokole akisikia hivyo atashangilia, lakini asiharakishe. Mwongozo huohuo unakataza kabisa mtu asiyebatizwa kuonja chakula hicho, ukisema kitu kitakatifu hakipewi mbwa. Watu hawafungi mlango namna hiyo kwa ajili ya kitafunio cha kumbukumbu.

Baada ya hapo yuko Ignasi, askofu wa Antiokia, aliyesafirishwa kutoka Siria kwenda kutupiwa wanyama huko Roma mwanzoni mwa karne ya pili. Alisindikizwa na askari kumi. Yeye aliwaita chui, na akalalamika kwamba kadiri walivyotendewa wema ndivyo walivyozidi kuwa wabaya. Njiani, akiwa Smirna na kisha Troa, aliandika barua saba, na katika ile ya Wasmirna anawasema watu waliofundisha kwamba Kristo hakuwa na mwili wa kweli, alionekana tu kuwa nao. Watu hao, anasema, wanajitenga na Ekaristi kwa sababu hawakubali kuwa ni mwili wa Mwokozi, mwili uleule ulioteswa na kufufuliwa. Hapo Mkatoliki hupiga makofi, na ana haki yake. Lakini makofi hayo huwa yanaziba mistari michache inayotangulia, ambamo Ignasi anawashtaki watu haohao kwamba hawamjali mjane wala yatima, hawamjali mfungwa, mwenye njaa wala mwenye kiu. Kwake hayo si mashtaka mawili. Aliyekwisha kuudharau mwili wa Kristo, kwa nini ahangaike na mwili wa mjane?

Sasa nirudi kwenye maneno ya mitaani.

Yapata mwaka 112, Plinio, liwali wa jimbo la Bithinia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trajano kuomba ushauri juu ya Wakristo. Alikuwa amewahoji waliosema wameiacha imani hiyo, wengine tangu miaka mingi. Wakamweleza kwamba kosa lao lote lilikuwa kukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, kumwimbia Kristo kana kwamba ni mungu, kutawanyika, kisha kukutana tena kula chakula. Na chakula chenyewe, walisisitiza, kilikuwa cha kawaida kisicho na hatia. Plinio hakuridhika. Akawachukua wanawake wawili watumwa, waliokuwa wahudumu wa kanisa, akawatesa ili apate ukweli. Anasema hakuambulia chochote ila ushirikina uliopita kiasi.

Kwa nini wasisitize kwamba chakula hakina hatia? Kwa sababu uvumi ulikuwa kwamba Wakristo hula watu. Katika kitabu cha mwandishi Mkristo Minusio Felisi, msemaji wa upande wa wapagani anausimulia ukiwa umekamilika: mtoto mchanga hufunikwa kwa unga, mgeni anayeingizwa katika dini huambiwa achome hapo, anachoma bila kujua, na waliokuwapo wanagombania damu. Ndio mkate ambao mume wa yule mama wa Karthago angeukumbuka.

Kwa hiyo jiwekeni mahali pa Yustino. Ni mzaliwa wa Flavia Neapoli, ambayo leo ni Nablus, mwanafalsafa aliyevaa joho la wanafalsafa na kufundisha Roma. Yapata mwaka 155 anaandika utetezi wa Wakristo na kuuelekeza kwa Kaisari Antonino Pio. Anajua uvumi. Anajua kwamba watu wanauawa kwa sababu ya uvumi huo. Dawa iliyokuwa karibu naye, na rahisi, ilikuwa ni kuandika kwamba Kaisari asitishike, huo ni mkate tu, tunamkumbuka mwalimu wetu. Asingekuwa amesema uongo mkubwa, na angelala usingizi.

Yustino anafanya kinyume. Anafungua mlango na kueleza kila kitu kwa mtu wa nje. Siku ya jua, wa mjini na wa mashambani wanakusanyika mahali pamoja. Maandiko yanasomwa kadiri muda unavyoruhusu, anayeongoza anahubiri, wote wanasimama kuomba. Mkate unaletwa, pamoja na divai na maji. Kiongozi anashukuru kadiri ya uwezo wake, maana sala hazikuwa zimeandikwa kitabuni, na watu wanaitika Amina. Mashemasi wanagawa, halafu wanatoka kuwapelekea wasiokuwapo. Na hapo anaandika bila kumung'unya maneno kwamba hawaupokei kama mkate wa kawaida wala kinywaji cha kawaida. Kwamba jinsi Yesu alivyotwaa nyama na damu kwa Neno la Mungu, ndivyo walivyofundishwa kuwa chakula hiki kilichoshukuriwa ni nyama na damu ya Yesu huyo. Mbele ya mtawala aliyekwisha kuambiwa kuwa watu hawa wanakula watu, Yustino anataja nyama na damu!

Walioiacha imani walimwambia Plinio chakula ni cha kawaida. Siwalaumu, walikuwa mbele ya liwali na walikuwa wakijibu tuhuma. Lakini aliyebaki katika imani, na aliyekuja kukatwa kichwa mjini Roma mwaka 165 hivi, alisema si cha kawaida, akijua gharama yake. Huo ndio ushahidi ninaouamini kuliko sentensi zinazochomolewa mifukoni. Na msisahau kinachofuata mara moja katika maelezo yake: wenye nacho wanatoa wanachopenda, kinakusanywa kwa kiongozi, naye anawasaidia yatima na wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Sehemu hiyo wabishi wetu huiruka.

Mwaka 177 uvumi huo ulifika Lyon, Ufaransa ya leo, ukaua watu. Watumwa wa baadhi ya Wakristo, kwa kuogopa mateso, walikiri kwamba mabwana wao hula watoto. Mwanamke mmoja aitwaye Biblis alikuwa tayari ameikana imani. Wakamtesa tena ili aseme uchafu huo kwa kinywa chake. Badala yake alizinduka, akawauliza watu ambao hata damu ya mnyama hawaruhusiwi kuigusa watawezaje kula watoto, akajiita Mkristo, akaunganishwa na wafiadini.

Swali la Biblis hunisimamisha kila nikilisoma. Wakristo wa Lyon hawakula damu ya kuku wala ya mbuzi. Na bado kila Dominika walipokea kikombe walichoamini kuwa ni damu ya Kristo. Hawakuona mgongano wowote. Hiyo inaonyesha kwamba walipotaja damu hawakuwa wakifikiria kitu cha machinjioni, na hawakuwa wakitania pia.

Aliyepokea uaskofu wa Lyon baada ya mateso hayo, kwa sababu mzee Pothino aliyezidi miaka 90 alifia gerezani, ni Irenei. Adui zake hawakuwa askari bali walimu wa Kignostiki, waliofundisha kwamba vitu vya mwili ni takataka, vimetengenezwa na mungu mdogo asiyejua alitendalo. Yapata mwaka 180 Irenei anawabana kwa mkate walioushika mikononi mwao wenyewe. Kama dunia ni takataka, mbona mnamtolea Mungu mazao yake? Ngano imekufa udongoni ikaota, zabibu imekamuliwa; vitu hivyo vikipokea Neno la Mungu vinakuwa Ekaristi, na miili yetu iliyolishwa navyo haitabaki kaburini. Anasema Ekaristi ina mambo mawili, la duniani na la mbinguni. Hakusema la duniani limeondoka. Hakusema la mbinguni ni wazo la kichwani.

Irenei huyohuyo anatupa kichekesho kidogo. Kulikuwa na mwalimu mmoja, Marko, aliyefanya ibada kwa vikombe. Aliomba dua ndefu juu ya kikombe, na kinywaji kikabadilika rangi kikawa chekundu, eti neema imedondosha damu yake humo. Kisha alimimina kikombe kidogo ndani ya kikubwa, na kikubwa kikafurika. Irenei alikasirika na kusema ni mazingaombwe. Hebu lipimeni hilo: askofu aliyeamini kwamba kikombe ni damu ya Bwana ndiye aliyechukizwa na kikombe kilichogeuka rangi mbele ya macho ya watu.

Turudi Karthago, kwa Tertuliani, maana yeye ndiye anayeteswa kuliko wote katika ubishi wetu. Katika vitabu vyake dhidi ya Markioni aliandika kwamba Yesu, aliposema mkate ni mwili wake, alimaanisha mfano wa mwili wake. Waprotestanti wamelishika neno hilo tangu karne ya 16, wakiliona ni zawadi kutoka mbinguni. Lakini ukisoma ukurasa wote unaona anachokipigania. Markioni alisema Kristo hakuwa na mwili halisi. Tertuliani anamjibu kwamba kitu kisichokuwapo hakina mfano, kwa hiyo kama mkate ni mfano wa mwili, mwili ulikuwapo kweli. Hakuwa akizungumzia kama mwili umo katika mkate au haumo. Kesi ilikuwa nyingine kabisa, na sisi tumemwita shahidi katika kesi ambayo hakuwahi kuisikia.

Tukitaka kujua alichoamini juu ya mkate wenyewe, twende kwenye kitabu chake kingine, anakoorodhesha desturi ambazo hazimo katika Maandiko lakini Wakristo wote wanazifuata. Humo anasema kwamba wanasikia uchungu chembe ya mkate wao au tone la kikombe likianguka chini. Ni mtu huyohuyo.

Hofu hiyo ya chembe iko kila mahali ukianza kuitafuta. Origene, akihubiri Kaisaria ya Palestina kabla ya katikati ya karne ya tatu, anawakumbusha wasikilizaji wake jinsi wanavyoushika mwili wa Bwana kwa uangalifu wote, chembe isidondoke, na wanavyojiona wana hatia ikidondoka kwa uzembe wao. Kisha anawageuzia kibao: kama mna hofu hiyo kwa mkate, mbona neno la Mungu linaanguka chini kila siku na hamshtuki? Mhubiri hawezi kujenga hoja juu ya desturi ambayo watu hawana. Basi waliokuwa wamekaa pale walikuwa nayo. Mwongozo uitwao Mapokeo ya Mitume, ambao wataalamu wanabishana juu ya mwandishi na tarehe yake, unawaagiza waamini waangalie asiyeamini asiule mkate huo, wala panya, wala mnyama mwingine. Panya! Wasiwasi wa panya ni wa watu wenye mkate nyumbani, katika nyumba za kawaida zenye mashimo ukutani. Wale mliowahi kuwa watumikiaji wa misa mnakikumbuka kisahani kile tulichoshika chini ya kidevu cha anayepokea, padre akikukazia macho ukikiinamisha. Kisahani chenyewe ni cha juzi. Hofu iliyokizaa Tertuliani angeitambua.

Habari za mkate wa nyumbani zinaendelea hapohapo Karthago na askofu Sipriani. Baada ya mateso ya Kaisari Desio, mwaka 250, Wakristo wengi walikuwa wametoa sadaka kwa miungu ili waokoe roho zao, kisha wakataka kurudi kanisani bila toba. Mwaka 251 Sipriani anawasimulia habari za mwanamke mmoja miongoni mwao aliyejaribu kufungua kijisanduku alichohifadhi kitu kitakatifu cha Bwana. Moto ukawaka kutoka ndani, naye akaogopa kugusa. Mpokee simulizi hiyo mpendavyo. Mimi nashika kile kijisanduku tu: msikilizaji wa Sipriani hakuhitaji kuelezwa ni cha nini.

Lakini barua ya Sipriani niipendayo zaidi inahusu jambo dogo la jikoni. Miaka miwili hivi baadaye aligundua kuwa kuna maaskofu wanaoadhimisha kwa maji matupu, bila divai. Baadhi ya waamini waliogopa kwamba wakinywa divai asubuhi, harufu itawatoa siri kwa watesi wao. Ukiipima kwa akili ya mtu anayetafutwa, sababu hiyo si ya kijinga. Sipriani anakataa, na anavyokataa ndivyo vinavyonivutia. Divai, anasema, ni damu ya Kristo. Maji ni watu. Vikichanganywa kikombeni hakuna awezaye kuvitenganisha tena. Ukitoa divai peke yake, Kristo yuko bila sisi. Ukitoa maji peke yake, sisi tuko bila Kristo. Paulo alisema hayo kwa mkate, na miaka mia mbili baadaye Mwafrika huyu anayasema kwa tone la maji. Padre bado analitia tone hilo kila misa, na naamini wengi wetu wakati huo tunatafuta sadaka mfukoni.

Karne ya nne nitaipita mbiombio. Kaisari mwenyewe amekuwa Mkristo, makanisa yanajengwa, watu wanamiminika wengi kuliko wanaoweza kufundishwa vizuri, na ndiyo maana mafundisho yanaanza kusemwa kwa urefu. Huko Yerusalemu, katika mahubiri yanayohesabiwa kuwa ya askofu Sirili, waliobatizwa usiku wa Pasaka wanafundishwa hata namna ya kuunyosha mkono: wa kushoto uwe kiti cha enzi cha wa kulia, maana unampokea mfalme. Wanaambiwa wasiuamini ulimi unaosema ni mkate. Milano, Ambrosi anawafundisha wake kwamba neno la Kristo lililoumba vitu kutoka pasipo kitu haliwezi kushindwa kuvigeuza vilivyopo. Lugha ya mageuzo imeanza kukaza.

Halafu yuko Augustino, aliyebatizwa na Ambrosi huyo mwaka 387, akaja kuwa askofu wa Hippo, mji ambao sasa ni Annaba nchini Algeria. Augustino anawahutubia wabatizwa wapya waliosimama mbele ya meza. Anawauliza wanaona nini. Mkate na kikombe. Macho yenu yanawaambia hivyo, anakubali. Imani inawaambia ni mwili na damu ya Kristo. Halafu, pale ambapo mwalimu mwingine angeanza kueleza mkate umegeukaje, yeye anawageukia wao. Anawaambia wao ndio mwili wa Kristo, na fumbo lao wenyewe limewekwa juu ya meza. Wanapoitika Amina wanakiitikia kile walicho. Anawapitisha hatua kwa hatua: mlipopungwa pepo mlikuwa mkisagwa, mlipobatizwa mlikandwa kwa maji, moto wa Roho ukawaoka. Kuna waliosoma mahubiri hayo wakasema Augustino aliona ishara tu. Mimi sioni hivyo, kwa kuwa ni yeye pia aliyefundisha kwamba asile mtu mwili huo kabla hajauabudu. Kwa masikio yake, ishara ya kitu na kitu chenyewe havikuwa vimepeana talaka.

Talaka ilikuja baadaye, na mbali na Afrika. Kaskazini mwa Ufaransa, karibu na Amiens, kulikuwa na monasteri ya Corbie. Yapata mwaka 831 mmoja wa wamonaki wake, Paskasi Radbertus, aliandika kitabu juu ya mwili na damu ya Bwana, akisema kilichopo altareni ni mwili uleule uliozaliwa na Maria. Mfalme Charles Mwenye Upara akataka kujua kama ndivyo, akamuuliza mmonaki mwingine wa monasteri ileile, Ratramnus. Huyu akajibu kwamba mwili wa Kristo upo kweli, kwa namna ya fumbo, lakini si kwa namna mwili uliozaliwa na Maria ulivyokuwapo. Wote wawili walinukuu Ambrosi. Wote wawili walinukuu Augustino. Walikula meza moja, na kwa kadiri tujuavyo hakuna aliyefukuzwa wala kufungwa.

Kitabu cha Ratramnus kilikuja kupata taabu miaka mia mbili baadaye. Sinodi iliyokaa Vercelli, Italia, mwaka 1050 ilikihukumu kitabu kuwa cha uzushi kikiwa na jina la mwandishi mwingine, Yohane Skoto, na wataalamu wengi wanaona kitabu chenyewe kilikuwa hicho cha Ratramnus. Wakati huo alikuwa amefariki zamani, akiwa mmonaki mwenye heshima zake, na jina lake halikutajwa.

Huko Vercelli, na kwa Berengari wa Tours aliyekisoma kitabu hicho kwa furaha, tutakwenda katika mazungumzo yajayo.